Nicosia: penseli iliyogeuka ukuta

Majirani wakigombana hakosekani mtu wa kusema: fungeni mpaka, watu watulie. Rai hiyo inaudhi kwa sababu inajivika joho la hekima, ilhali Nicosia, mji mkuu wa Cyprus, umeilipia kwa zaidi ya miaka 60. Mpaka uliofungwa katikati ya mji unaweza kunyamazisha bunduki, lakini haupatanishi watu. Kila mwaka unaopita ukiwa umefungwa, kupatana kwenyewe kunazidi kuwa kugumu.

Desemba 1963, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Wagiriki na Waturuki wa Cyprus walianza kuuana mjini humo. Jenerali Peter Young wa jeshi la Uingereza alichukua ramani, akachora mstari kwa penseli ya kijani ili kuwatenganisha. Ilikuwa hatua ya dharura. Machi 1964 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi cha kulinda amani, na kingali huko hadi leo. Julai 1974 askari walioungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Rais Makarios. Siku tano baadaye Uturuki ikakivamia kisiwa. Mstari ukarefushwa hadi kilomita 180, Wagiriki wakakimbilia kusini na Waturuki wakahamia kaskazini. Ndani ya ngome ya mviringo ya Waveneti mtaa wa Ledra ulibaki umezibwa, na nyumba zilizoachana kwa mita chache zikawa mbali kama nchi mbili.

Wapo wanaosema mstari huo umeokoa maisha, kwani tangu 1974 vita havijarudi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mstari ulikuwapo miaka kumi kabla ya 1974, na haukuzuia lolote. Kilichoshikilia utulivu baadaye ni kusitishwa kwa mapigano na walinzi waliokaa katikati. Kumzuia mzee asizuru kaburi la baba yake hakukuongeza usalama hata chembe. Ushahidi ulikuja tarehe 23 Aprili 2003, viongozi wa kaskazini walipofungua njia. Wengi walihofia damu. Badala yake maelfu kwa maelfu walipanga foleni, wakavuka kwenda kutazama nyumba walizozikimbia miaka 29 nyuma, na visasi vilivyoogopwa havikutokea.

Ushahidi wa pili umo chini ya ardhi. Vita vya 1974 vilikatiza ujenzi wa mabomba ya majitaka ya mji. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, Lellos Demetriades, meya wa upande wa Wagiriki, na Mustafa Akıncı, mwenzake wa upande wa Waturuki, walikubaliana kuumaliza mradi kwa pamoja, bila upande mmoja kuutambua mwingine kisheria. Majitaka ya kusini yakatiririka kwenda kusafishwa kaskazini. Huko juu askari walikuwa wakikodoleana macho. Chini mji ulibaki mmoja, kwa sababu kipindupindu hakisomi ramani. Kama viongozi wawili waliweza kuaminiana kwa jambo hilo wakati vidonda vya vita vingali vibichi, basi kilichokosekana kwingine kilikuwa nia.

Nitajibiwa kwamba mwaka mmoja baada ya njia kufunguliwa, kura ya maoni kuhusu mpango wa Umoja wa Mataifa wa kukiunganisha tena kisiwa iligonga mwamba: Waturuki wa Cyprus wapatao asilimia 65 waliukubali, Wagiriki wapatao asilimia 76 wakaukataa. Ni kweli, na waliokataa walikuwa na madai ya haki kuhusu mali zao na askari wa Uturuki. Lakini mwaka mmoja wa kutembeleana hauwezi kufuta miaka 29 ya kutoonana. Miongoni mwa waliopiga kura walikuwamo watu wazima ambao hadi mwaka uliotangulia hawakuwahi kukanyaga upande wa pili wa mji wao wenyewe. Mtaa wa Ledra ulisubiri hadi Aprili 2008 ndipo ukafunguliwa, na Nicosia bado imegawanyika.

Kuufunga mpaka ni kazi ya dakika chache. Anayeshauri ufungwe aseme pia ni nani atakayeufungua, na lini. Asiye na jibu asishike penseli.