Mashini haikatai jina la mtu

"Mashini imekataa jina lako, mama." Wakimbizi wa ndani wa Kivu ya Kaskazini wamesikia maneno hayo mara nyingi mno. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, jetoni imefungwa kwenye pindo la kitenge. Anapanga mstari mpaka jua linawaka. Saa nane karani anashusha kidole kwenye orodha, anageuza karatasi, anarudia tena, kisha anasema mashini imekataa. Mama anarudi na mfuko mtupu. Na aliandikwa. Jetoni iko mkononi, namba inasomeka.

Maneno hayo ni uongo na inafaa yaachwe. Mashini haikatai mtu. Inapokea faili iliyotengenezwa na mtu, kwa amri iliyoandikwa na mtu. Karani anayesema imekataa ama anaficha kosa la ofisi yake, ama na yeye amedanganywa na wakubwa wake.

Orodha inazaliwa chini ya hema. Karani anaandika jina, posnomu, jina la ubatizo, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, hesabu ya watoto, namba ya simu na namba ya jetoni. Hayo yanaingia kwenye Excel. Kutoka Excel yanatolewa kama faili ya maandishi matupu, ile mafundi wanaiita CSV: mstari mmoja kwa kila familia, na alama ndogo inayotenga jina na mwaka, mwaka na kijiji. Faili inabebwa kwa barua pepe au kwa ufunguo wa USB mpaka ofisi nyingine. Kule inapakiwa ndani ya hifadhidata, yaani ghala la majedwali yanayoshikana kwa namba: jedwali la familia, jedwali la watu, jedwali la jetoni. Kazi yenyewe ni hiyo, kutoa na kupakia. Inaonekana ndogo, ndiyo maana inafanywa kwa haraka, Ijumaa jioni, na kijana ambaye hakuna aliyemfundisha.

Angalia alama ile ndogo. Kompyuta za Goma na Bukavu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, na Excel ya Kifaransa inatenga safu kwa nukta na mkato, kwa sababu mkato wenyewe unatumika kwenye desimali. Ofisi ya Nairobi, yenye kompyuta za Kiingereza, inangoja mkato. Faili ikifika kule bila maelezo, mstari mzima wa familia unaanguka ndani ya safu moja. Hilo angalau linaonekana kwa macho. Baya zaidi ni kijiji. Karani ameandika "Kitshanga, Masisi". Mkato uko katikati. Kama anayepakia hakuiambia mashini kwamba maneno yaliyofungwa kwa alama za kunukuu ni kitu kimoja, Kitshanga inabaki safu yake, Masisi inasukumwa kwenye safu ya watoto, hesabu ya watoto inaingia kwenye simu, na simu inakwenda kwenye jetoni. Siku ya kugawa unga, jetoni ya mama haipatikani. Iko pale pale, lakini imesukumwa nje ya mlango wake.

Namba ya simu nayo ina msiba wake. Ikiandikwa 099 na nyinginezo, Excel inaona ni hesabu na kula sifuri ya mbele. Ikiandikwa kwa 243 inakuwa na tarakimu kumi na mbili, na Excel inaifupisha kwa namna ya wanasayansi: 2,43998E+11. Ukiitoa faili ikiwa hivyo, kinachotoka ni ufupisho huo, na tarakimu za mwisho zimepotea kabisa. Familia inayopaswa kupokea pesa kwa simu haitapokea kitu, hata ingoje mwaka mzima. Dawa yake ni kumwambia Excel, kabla ya kuandika, kwamba safu ile ni maandishi na si hesabu. Ni kubonyeza mara mbili au tatu.

Kuna na Désiré na Françoise. Herufi zenye alama zikitolewa kwa mpangilio mmoja na kupakiwa kwa mwingine, Désiré anatoka "DÃ©sirÃ©". Karani anatafuta Désiré, hamuoni. Kuna na tarehe 03/04/1990, ambayo kwa Goma ni mwezi wa nne na kwa kompyuta ya Kimarekani ni mwezi wa tatu.

Asije mtu kusema hayo yanatokea kwa sababu Congo iko nyuma. Mwaka wa 2020, kati ya mwisho wa mwezi wa tisa na mwanzo wa mwezi wa kumi, Uingereza iliacha nje ya hesabu yake wagonjwa 15,841 wa Covid. Matokeo ya maabara yalikuwa yamepakiwa kwenye faili za Excel za aina ya zamani, isiyopokea zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilikatwa kimya kimya. Tofauti ni kwamba kule walitangaza hesabu, wakasema kosa ni nini, na serikali ikaulizwa maswali bungeni. Hapa mama anaambiwa mashini imekataa, na lori linaondoka.

Na mashini haikai kimya inapopakia. PostgreSQL, moja ya programu zinazotumika sana, ikikuta mstari mbovu inasimama, na kwa kawaida yake haipokei faili lote mpaka mstari ule urekebishwe. Inataja na namba ya mstari. MySQL inaweza kuamriwa kupuuza makosa na kuendelea, lakini mwishoni inaandika: rekodi ngapi, zilizorukwa ngapi, maonyo mangapi. Basi yule aliyepakia alikuwa na hesabu mbele ya macho yake. Kama zilizorukwa ni themanini, hizo ni familia themanini, na anaweza kuzitafuta jioni ile ile. Akifunga dirisha na kwenda nyumbani, yeye ndiye amekataa majina.

Liko na kosa la pili, la mafundi wenyewe. Edgar Codd wa IBM alipoeleza wazo la majedwali haya mwaka wa 1970, mashikamano yao yalikuwa sehemu ya wazo lenyewe. Ghala lililopangwa vizuri halipokei mtoto kabla ya familia yake kuingia. Ukipakia jedwali la watu kwanza, linakataa, na hapo ndipo neno "kukataa" lina haki yake: linakataa kosa la fundi. Fundi mwenye subira anapanga upya, familia kwanza, watu baadaye. Mwenye haraka anazima ulinzi, anasukuma yote ndani, anauwasha tena. MySQL ikiwashiwa ulinzi tena hairudi nyuma kukagua yaliyokwisha kuingia. Watoto wanabaki ndani wakiwa na namba ya familia isiyokuwepo. Familia ya watu saba inahesabiwa wawili na kupimiwa unga wa wawili, na mama akilalamika anaambiwa ameongeza watoto.

Mashirika yana jibu lao, na si jibu la kutupa. Wanasema kuna watu wanajiandikisha mara mbili, kuna wakubwa wa kambi wanaoingiza majina ya hewa, kwa hiyo wanafuta yanayojirudia. Ni kweli, wizi huo upo, na wakimbizi ndio wa kwanza kuumizwa nao. Lakini angalia wanavyofuta: jina na tarehe ya kuzaliwa zikifanana, mmoja anatolewa. Kivu hii ina akina Furaha wangapi? Ina akina Bahati, Riziki na Neema wangapi? Na wazee wasiojua siku yao ya kuzaliwa wote wanaandikwa tarehe 1 mwezi wa 1. Furaha wawili wa 01/01/1985, mmoja wa Rutshuru na mwingine wa Masisi, ni wanawake wawili wenye watoto wao. Mashini iliyoamriwa kuacha mmoja itaacha mmoja. Kufuta kunahitaji jicho la mtu: majina yanayofanana yatolewe kwenye karatasi, yapelekwe kwa wenyewe, waitwe, waonekane. Mwizi hataweza kutokea mara mbili.

Jambo hili ni la haraka sasa kuliko zamani. Mwanzoni mwa 2025 kambi za kandokando ya Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine, zilivunjika. Watu wamerudi Masisi na Rutshuru, wengine wameelekea Kalehe, wengine wamekaa kwa jamaa mitaani. Wao wametawanyika, na orodha zao nazo zinatolewa ghala moja na kupakiwa ghala lingine. Kila safari ni nafasi ya kupoteza.

Ni nafasi ya kuvujisha pia. Faili moja inabeba jina, kijiji, simu, na mara nyingine sababu ya kukimbia. Katika inchi yenye watu wa bunduki, hiyo si karatasi ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu yenyewe, yenye wataalamu wake, ilitangaza mwezi wa kwanza wa 2022 kwamba wavamizi wa mitandao wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000. Anayegawa unga anahitaji namba ya jetoni na hesabu ya watu wa familia. Hahitaji kujua mtu amekimbia kijiji gani. Basi atolewe safu mbili hizo, na nyingine zibaki ghalani.

Wanachoweza kudai wakimbizi si kikubwa. Kabla ya kugawa, hesabu mbili zibandikwe mahali watu wanapoona: familia ngapi ziliandikwa, familia ngapi zimeingia. Zisipolingana, namba za jetoni zilizobaki nje zibandikwe chini yake, namba tu, bila majina, siku tatu kabla ya lori kufika. Faili ya kwanza, kama ilivyotoka mikononi mwa karani, isifutwe wala kuandikwa juu. Na mwenye jetoni aipige picha kwa simu, yake au ya jirani, kwa sababu karatasi inaoza na mvua.

Akiambiwa tena mashini imekataa, aulize mstari wake ni wa ngapi, na nani aliupakia. Kamati ya wakimbizi iwe pale wakati jibu linatolewa. Kama jibu halipo, yule karani asigawe mfuko hata mmoja mpaka mwenzake wa ofisini afike na orodha ya mistari iliyorukwa.