Mume Naye Apimwe

Barazani Langoni na Mkomani, hapa Lamu, na majumbani kwa akina mama, maneno ni yale yale: ndoa ina miaka, mtoto hakuna, basi mke ana chango la uzazi; hospitali hawajui kizazi; na mtoto wa maabara ni haramu. Nimeyasikiliza kwa makini kwa sababu yanavunja ndoa za watu. Nyinyi wasomaji ndinyi makadhi. Pimeni ushahidi.

Wanasema mume mwenye nguvu za kiume hawezi kuwa na kasoro ya uzazi. Hapa mambo mawili yamefanywa moja. Nguvu za kiume ni kazi ya damu na neva. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi nyingine, kwa hiyo mwanamume asiye na hata mbegu moja aweza kutoa manii kama kawaida, na ni darubini pekee itakayomwambia. Katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, kasoro iko kwa mume, yeye peke yake au yeye pamoja na mkewe. Tena tazameni hoja hii inavyojipinga: mume akioa mke wa pili, naye asishike mimba, hulaumiwa husuda. Ni ushahidi gani utakaomgusa mume, ikiwa wake wawili hawatoshi?

Kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Hujizuia siku 2 hadi 7, kisha hutoa manii yakaangaliwe. Anayechelea kuyatoa mwenyewe amwulize daktari kuhusu mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, autumie na mkewe. Mke, kwa upande wake, huingiziwa dawa katika mji wa uzazi ili mirija ipigwe picha, na wengine huumia. Kuanza na mke na kuishia kwake ni dhuluma.

Na matayarisho ya mume hayaanzi siku ya kliniki. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukamilika, kwa hiyo faida ya kuacha sigara leo huonekana baada ya muda huo. Watafunaji miraa nao wajue kwamba utafiti uliofanywa kwa wenzao wa Yemen na kuchapishwa mwaka 1995 ulikuta mbegu chache na nyingi zenye umbo lenye kasoro.

Hoja nzito ni ya dini, na inastahili jibu la heshima: mtoto ni riziki, kumtafuta maabara ni kuingilia kudra. Lakini asemaye hayo ndiye humwandikia mgonjwa kombe la aya za Qurani anywe. Kunywa kombe ni kutafuta sababu na kumwachia Mungu matokeo. Kwenda maabara vilevile. Kuhusu uharamu, mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara alizaliwa Uingereza Julai 1978, na Machi 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, aliyekuja kuwa Sheikh wa Al-Azhar, akatoa fatwa: inajuzu ikiwa mbegu ni ya mume, yai ni la mke, ndoa ingali hai, na hakuna mtu wa tatu. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilishika msimamo huo. Wanaokataa kabisa wamelichukua sharti wakaligeuza katazo. Hofu yao ya nasaba kuchanganyika ni ya haki, na dawa yake ni kuuliza kabla ya kutia saini: sampuli zinatambulishwaje, na viinitete vitakavyobaki vitafanywa nini kukitokea talaka au kifo?

Chango, basi. Wanataka mke amalize kwanza dawa za fundi na kukandwa tumbo. Kukandwa hakufungui mrija ulioziba kwa makovu ya kisonono au klamidia, maradhi ambayo mwanamke aweza kuwa nayo bila kuhisi lolote, na pengine aliletewa na mumewe. Na umri haungoji: mayai hupungua, hasa baada ya miaka 35. Mwaka mmoja wa kujaribu bila mimba watosha kwenda kupimwa. Kwa mke aliyefika 35, miezi sita.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema ukilipa malaki yako mtoto utampata. Si kweli. Hata Uingereza, kwa wanawake walio chini ya miaka 35, takriban kiinitete kimoja tu kati ya vitatu vinavyopandikizwa huzaa mtoto hai. Mume na mke wakubaliane mapema watajaribu mara ngapi, na kwa fedha zipi, kabla ya kuuza shamba.

Bwana, kabla mkeo hajapanda mashua ya kuvukia Mokowe, aelekee Mombasa kupigwa picha ya mirija, nenda kapimwe wewe. Na siku ya safari hiyo, pandeni nyote wawili.