Wanaoikimbia Baridi na Sisi Wenye Jua

Mvua za vuli zinapoanza, mwalimu yeyote wa shule ya kijijini huwaona mbayuwayu wakitua juu ya nyaya na mapaa ya madarasa. Wametoka Ulaya wakiikimbia baridi, na itakapofika Machi au Aprili watarudi walikotoka. Hawana pasi wala viza, na hakuna anayewahesabia siku. Katika nchi za Kanada na Marekani wako binadamu wafanyao safari ya namna hiyo kila mwaka. Wengi wao ni wazee waliostaafu, na kwa utani wenzao huwaita "ndege wa theluji". Mwezi wa Oktoba au Novemba hufunga nyumba zao za kaskazini wakaenda kukaa Florida, Arizona, Texas au Meksiko, na theluji inapoyeyuka hurejea kwao.

Huenda karani wa wilaya au mwalimu wa shule ya msingi akayaona mambo haya kuwa ni anasa ya watu wa mbali isiyomhusu. Mimi naamini kwamba yanamhusu sana. Kwanza, yanafundisha uzee wa mfanyakazi husimama juu ya nguzo zipi. Pili, wazee wa nchi za baridi wamekwisha kuijua pwani ya Afrika Mashariki, na hapana budi tujue mapema tutawapokea kwa masharti ya nani.

Tuanze na jinsi wanavyochagua mahali. Katika mji wa Winnipeg, usiku wa Januari, kipimajoto hushuka hata kufikia nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, kuteleza juu ya barafu mara moja kwaweza kuwa ndio mwisho wa kutembea kwake. Mtu wa namna hiyo angedhaniwa kuwa atakwenda popote penye jua. La hasha! Jua liko kila mahali kusini, wala si jua linalomkesha akipiga hesabu. Anachohesabu ni siku. Jimbo la Ontario humruhusu mkazi wake kuwa nje kwa siku 212 tu katika kila miezi 12, akipitisha hapo anahatarisha haki yake ya kutibiwa kwa gharama ya umma. Serikali ya Marekani nayo, kwa kawaida, humruhusu Mkanada kukaa kama mgeni kwa muda usiozidi miezi sita. Aidha, wakusanya kodi wa Marekani wana hesabu yao wenyewe: hujumlisha siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana na sudusi ya siku za mwaka juzi, na jumla ikifikia 183 mgeni huyo aweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa kutozwa kodi.

Kisha huja suala la matibabu. Bima ya umma ya Ontario hulipa kiasi kidogo sana cha gharama za hospitali za Marekani, ambazo ni ghali mno. Kwa hiyo mzee hulazimika kununua bima ya safari, na kampuni za bima humwuliza kwanza habari za moyo wake, sukari yake na vidonge anavyomeza. Mwenye afya hulipa kidogo, na mgonjwa, ambaye ndiye anayelihitaji jua zaidi, hulipa sana au hukataliwa kabisa.

Suala la tatu ni nyumba: kukodi au kununua? Tarehe 24 Juni 2021 jengo la ghorofa la Surfside, karibu na Miami, liliporomoka usiku na kuua watu 98. Baadaye Florida ilitunga sheria ya kuyakagua majengo makongwe na kuwataka wenye nyumba kuweka akiba ya matengenezo, na michango ya kila mwezi ikapanda kiasi cha kuwashinda wastaafu wengi. Mwezi wa Septemba 2022 kimbunga Ian kikaipiga pwani ya Fort Myers, kikazoa nyumba ambazo wenyewe walikuwa bado kaskazini wakijiandaa kwa safari. Ndiyo sababu wenye busara miongoni mwao huwashauri wageni wapya wakodi kwanza msimu mmoja au miwili kabla ya kutoa akiba ya maisha yao.

Na hata aliyefanya hesabu zake zote vizuri hawezi kuwa na uhakika, maana mwenyeji aweza kubadilika. Mwaka 2025 Rais Donald Trump aliiwekea Kanada ushuru mpya na kusema mara kwa mara kwamba nchi hiyo ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2025 wageni wanaokaa siku 30 au zaidi walitakiwa kujiandikisha serikalini, wakiwamo Wakanada wengi waliokuwa wamezoea kuvuka mpaka bila ya kuulizwa mengi. Wazee wengi waliona wametukanwa. Baadhi waliuza nyumba zao za Florida, na safari za magari za Wakanada kwenda Marekani zikapungua sana mwaka huo. Waingereza waliozoea jua la Uhispania walikwisha kupata somo lao: tangu Januari 2021, baada ya nchi yao kujitoa katika Umoja wa Ulaya, asiye na kibali cha ukazi haruhusiwi kukaa huko zaidi ya siku 90 katika kila siku 180.

Ndugu msomaji, jambo moja linajitokeza wazi katika habari hizi zote. Jua hutolewa na Mungu, lakini ruhusa ya kulifuata hutolewa na sheria, pensheni na hospitali. Tena mambo hayo hayakuangukia wazee wa Kanada kutoka mbinguni. Matibabu ya umma yalianzia katika jimbo la Saskatchewan, mwaka 1962, chini ya serikali ya chama chenye siasa ya kijamaa, na madaktari waligoma kwa siku 23 kuyapinga. Serikali ile haikuuacha mpango wake, na miaka michache baadaye nchi nzima ikaufuata. Mkulima wa ngano na fundi wa reli wanaoota jua leo Arizona wanakula matunda ya mapambano ya wazazi wao.

Pale ambapo mapambano hayo hayakufika, mzee hutangatanga. Karibu na mji wa Yuma, Arizona, ng'ambo ya mpaka wa Meksiko, kiko kimji kiitwacho Los Algodones. Kina wakazi elfu chache tu, lakini kina mamia ya madaktari wa meno. Majira ya baridi yanapofika, wastaafu wa Kimarekani hupanga foleni kuvuka mpaka wakatengeneze meno. Sababu ni kwamba bima ya afya ya wazee wa Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1965, kwa kawaida hailipii matibabu ya meno. Raia wa nchi tajiri kupita zote duniani anavuka mpaka kutafuta jino kwa jirani yake maskini! Huo ndio ubepari: hujenga roketi ya kwenda mwezini, lakini mdomo wa mzee haumo katika hesabu zake.

Yuma hiyohiyo inatufundisha jambo jingine. Jua la majira ya baridi linalowavuta wastaafu ndilo linaloziotesha mboga za majani. Kuanzia Novemba hadi Machi sehemu kubwa sana ya saladi inayoliwa Marekani hutoka katika mashamba ya bonde hilo. Usiku wa manane, wakati wageni wamelala katika nyumba zao za magurudumu, wavunaji wamesimama katika foleni ya mpaka wa San Luis, wakitoka upande wa Meksiko, ili mapambazuko yawakute wameinama shambani. Msimu ukiisha, wengi wao huhamia bonde la Salinas, California, kufuata mboga. Hao nao huhama na majira kila mwaka, lakini wao hawakuchagua. Mzee amelifuata jua kwa sababu pensheni inamfuata, na mvunaji amelifuata kwa sababu njaa inamfuata. Wote wawili ni binadamu, na sina chuki na mzee yule aliyefanya kazi miaka 40. Lakini mwandishi anayelisifu jua la Yuma bila ya kumtaja mvunaji amesema nusu ya kweli.

Sasa turudi nyumbani. Pwani yetu imewajua wageni wa majira kwa karne nyingi. Majahazi yaliletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mabaharia walikaa hapa hadi kusi ilipovuma ndipo wakatweka kurudi. Katika zama zetu, Wataliani waliofika Kenya kwa ajili ya kituo cha kurushia satelaiti cha Ngomeni, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza mwaka 1967, waliwafungulia wenzao njia, na Malindi ikawa mji wenye mahoteli na nyumba nyingi za Kitaliani. Zanzibar nako, ambako ardhi ilifanywa kuwa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, siku hizi hujengwa nyumba ambazo wageni huzipata kwa mikataba ya miaka mingi.

Wako wanaosema: waje kwa wingi, maana wanaleta fedha za kigeni, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mzee anayekaa miezi minne hununua samaki, huajiri watu, na hutumia fedha nyingi kuliko mtalii wa siku tano. Lakini wahenga hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Mwaka jana, katika kijiji kimoja cha pwani, nilikutana na mwalimu aliyekuwa akifunga vitabu vyake katika maboksi. Alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na shule. Kila ifikapo Desemba mwenye nyumba humwomba atoke ili vyumba vile wapewe wageni wanaolipa kwa dola, kisha Aprili humwambia, "Karibu tena, mwalimu." Miezi hiyo yeye huishi kwa nduguye, mwendo wa saa mbili kutoka shuleni. Nilimwuliza kama ana hasira na wageni. Akajibu, "Wageni sijawahi hata kuonana nao. Mimi nataka tu kujua nani aliyeamua." Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeamua. Jambo lisiloamuliwa na wananchi huamuliwa na fedha.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Mwaka 1958, katika maandishi yake yaitwayo "Mali ya Taifa", alionya kwamba ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa sokoni, wenye fedha wataichukua na wenyeji watabaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Tanganyika ilipokuwa huru ilifuta umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo ilikataza asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Msingi huo haufai kulegezwa kwa tamaa ya dola za msimu mmoja.

Kwa hiyo natoa rai tatu kwa watumishi wa serikali, ambao ndio wanaoandika masharti na kupitisha ramani. Kwanza, mgeni akodi nyumba, lakini kiwanja, kisima na njia ya kwenda baharini vibaki mikononi mwa kijiji, na mkutano wa kijiji ndio useme ni nyumba ngapi zikodishwe. Kila kijiji chenye wageni kijenge kwanza nyumba za walimu na waganga. Pili, tukitaka wazee wa kigeni, tujenge hospitali kabla ya kuchapisha picha za minazi. Tumekwisha kuona kwamba mzee wa miaka 75 huuliza daktari kabla ya kuuliza ufuko, na hospitali itakayomfaa yeye itamfaa pia mvuvi anayeishi hapo mwaka mzima. Tatu, wafanyakazi wa nyumba na mahoteli hayo wapewe mikataba ya kudumu na kuchangiwa katika mifuko ya hifadhi ya jamii, wasije wakawa kama wavunaji wa Yuma.

Rai hiyo ya tatu inatugusa sisi wenyewe. Wafanyakazi walipopaza sauti mwaka 2018 juu ya kikokotoo cha pensheni, wako waliowaona kuwa ni watu wa kulalamika. Lakini pensheni ndiyo inayomwezesha mzee kusema "nitakaa hapa" au "nitakwenda pale". Mtumishi wa Njombe anayetetemeka kwa baridi ya Juni, akitamani kuzimalizia siku zake kwa dada yake Bagamoyo, anastahili uchaguzi huo kama anavyoustahili mzee wa Winnipeg.

Mbayuwayu watarudi vuli ijayo, nasi tutawapokea bila ya masharti kwa sababu hawamtoi mtu nyumbani kwake. Binadamu akija aje kwa amani, akute mwenyeji ana nyumba, ana tabibu na ana kauli. Na mwalimu yule wa pwani, ifikapo Desemba, avikute vitabu vyake rafuni.