WAUZA MIKEKA NI MAKUHANI WA ZAMA ZETU

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na wakulima wa Kyela wakashika fedha. Penye fedha hapakosi mbwa mwitu. Leo wapo vijana, kutoka Ipinda hadi Matema na Kasumulu, ambao hawatosheki na kubeti. Hulipa kwanza kwa simu ili waingizwe katika makundi ya Telegram na WhatsApp, ambamo "mtaalamu" huwauzia mikeka iliyokwisha kutabiriwa. Je, malipo hayo yana faida?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina madhehebu. Penye nafasi sawa kwa sawa, haki ni odi ya 2.00. Kampuni hutoa, tuseme, 1.85. Weka shilingi 1,000 katika michezo 100, ushinde 50: umetoa 100,000, umerudishiwa 92,500. Ili usipate hasara lazima upatie zaidi ya michezo 54. Hapo bado hujamlipa mtaalamu, wala kodi ya ushindi haijakatwa.

Wengine husema: "Mbona alipatia mara tatu mfululizo?" Sikilizeni hila hii. Mtu huwatumia watu 64 utabiri. Nusu huwaambia timu itashinda, nusu huwaambia haitashinda. Waliokosa huwaacha, waliobaki huwagawa tena. Baada ya michezo mitatu watu wanane watamwona ni bingwa, naye hajui lolote! Wapo pia wanaolipwa na kampuni kwa kila mteja waliyemleta. Wewe ukipoteza, wao hawapotezi kitu.

Na huyo anayeuza "mechi ya uhakika" ni mmoja wa wawili: mwongo, au mshirika wa wizi. Angekuwa na hakika, angeweka fedha zake akanyamaza.

Sasa tuitazame sheria. Katika Surat al-Maida, aya ya 90, Allah (s.w.) ameitaja kamari pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kutazamia, akaiita uchafu katika kazi za shetani. Kamari na utazamiaji vimewekwa katika aya moja, na muuza mikeka ameviweka katika simu moja! Mtume (s.a.w.) amekataza ujira wa kuhani, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Basi adaiye kujua matokeo kabla ya mchezo anakula ujira gani?

Atajitetea: "Sidai ghaibu, nachambua timu." Naam, lakini anachambua ili mwenzake akacheze kamari, na aya ya 2 ya sura hiyo hiyo imekataza kusaidiana katika dhambi.

Ewe kijana, jitoe katika kundi hilo leo na utubie. Fedha hiyo ni ada ya mwanao, ni mbegu ya mpunga wa msimu ujao. Nanyi wazee wa misikiti, msiishie kukemea juu ya mimbari. Kaeni na vijana baada ya Isha, mpige nao hesabu hii kwa karatasi na kalamu.

Mkeka wa Muislamu ni ule anaousujudia Mola wake.

Wabillahi tawfiq.