Spika si mbovu, kabati ndilo linalokoroma

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, umuganda ulipokwisha, niliitwa Nyamirambo kuamua ugomvi wa spika. Mimi si hakimu wala si fundi wa redio, ila mtaani najulikana kwa kupenda muziki. Muuzaji alikuwa dada mmoja anayevuka Gatuna kufuata bidhaa Kampala. Mtaji wake ulinusurika kwa shida mpaka huo ulipofungwa, kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Mnunuzi alikuwa mzee aliyerejea kutoka Bukavu mwaka 1995, na ambaye hadi leo halali bila kusikiliza rumba. Mzee alidai spika mbili alizouziwa ni mbovu, zinakoroma, na alitaka pesa zake. Dada naye pesa hizo alikwisha kuziingiza kwenye mzigo mwingine. Kama angezirudisha, safari ya wiki ile isingekuwepo.

Tukaingia sebuleni. Spika zilikuwa juu ya kabati la vyombo, lile la mbao lenye milango ya vioo. Moja ilisukumwa hadi kwenye pembe ya ukuta, nyingine ililazwa ubavu kando ya televisheni. Mzee akaweka wimbo. Kweli, kila mpiga besi alipogusa uzi, kitu kilikoroma. Nikaweka kiganja kwenye mlango wa kabati, mkoromo ukakatika. Nikakiondoa, ukarudi. Kumbe bilauri za mama mwenye nyumba ndizo zilizokuwa zikicheza rumba humo ndani!

Ndugu msomaji, nasimulia haya kwa sababu naona tunapoteza pesa nyingi kwa kununua dawa ya ugonjwa ambao hatunao. Mtu akisikia sauti haiko safi, anakimbilia spika kubwa zaidi. Wanaokumbuka maboksi ya miaka ya 2000 yaliyoandikwa "PMPO", wati 1,000 au 2,000, wanajua jinsi tulivyodanganywa. Namba ile ilikuwa ya kupamba boksi tu. Na hata wati zikiwa za kweli, kutoka 50 kwenda 100 sikio husikia tofauti ndogo, desibeli 3 basi. Ili muziki usikike kama umeongezeka maradufu, unahitaji nguvu karibu mara 10. Hiyo ni pesa nyingi kwa spika ambayo bado utaiweka juu ya kabati lile lile.

Jambo lenyewe halina uchawi. Koni ya spika ikienda mbele, boksi lake husukumwa nyuma kidogo. Mtikisiko huo ukishuka kwenye kabati lenye uwazi ndani, kabati hugeuka ngoma na kuongeza sauti yake ambayo mwanamuziki hakuipiga. Ukuta nao una yake. Spika iliyobanwa kwenye pembe huongezewa besi na kuta zote mbili, mpaka sauti ya mwimbaji inazama. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021, ni muziki wa magitaa yanayojibizana. Besi ikivuruga, lile gitaa la pili hulisikii kabisa. Na waliozeeka na kanda za Cécile Kayirebwa tangu ukimbizini watakubaliana nami kwamba sauti yake haikuumbwa kusikilizwa kupitia mlango wa kabati.

Basi kifanyike nini? Spika itolewe juu ya kabati na iwekwe kwenye stendi yake. Keti kwenye kiti unachokalia siku zote, mwambie mtoto apime kutoka sakafuni hadi sikioni pako. Kwa wengi huwa karibu mita moja, au pungufu kidogo. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyo juu ya boksi, ndiyo iwe kwenye kimo hicho. Kwa spika za kawaida za nyumbani stendi ya sentimita 60 hivi hutosha. Iache hatua moja kutoka ukutani ukiweza, na kama chumba ni kidogo hata sentimita 30 zinasaidia. Elekeza zote mbili kwako, na umbali kati yao ukaribiane na umbali kutoka kwako hadi kila moja.

Stendi yenyewe anaweza kuitengeneza fundi wa kuchomelea pale Gakinjiro ya Gisozi. Bomba la chuma la pembe nne, bati nene juu, bati pana zaidi chini. Bomba tupu hulia kama kengele, kwa hiyo lijaze mchanga mkavu kabla ya kuziba. Msisitizo wangu uko kwenye upana wa chini, maana nyumba zetu zina watoto, na spika ikimwangukia mtoto hakuna muziki wa kufidia. Kati ya spika na chuma weka vipande vinne vya kandambili kuukuu, kila pembe kimoja. Mpira wa tyubu uliokunjwa nao unafaa. Tairi lenyewe ni gumu mno, na sponji la godoro ni laini mno, spika itayumba.

Najua atakayesema haya ni mambo ya wenye nyumba za Nyarutarama. Mimi naona kinyume. Mwenye pesa anaweza kununua kosa lake mara tatu, sisi hatuwezi.

Ila nisiwadanganye. Stendi haiponyi chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari. Hapo utahitaji kapeti na mapazia mazito. Wala kandambili hazizuii sauti kutoka dirishani, na Kigali yetu ya vilima, muziki wa upande huu husikika bonde la pili. Faida ni kwamba ukisikia vizuri, mkono hauendi tena kuongeza sauti. Jirani atakushukuru.

Kwenu wafanyabiashara wa mipakani nina neno moja. Spika unaileta kutoka nje, unalipa ushuru wako na VAT ya asilimia 18, unaiuza bila kumwambia mteja aiweke wapi. Akirudi analalamika, hasara ni yako. Muulize ataiweka juu ya nini, kisha muuzie na stendi. Chuma na mchanga havihitaji kuvushwa mpaka, viko hapa, na mafundi wapo.

Kule Nyamirambo tulichukua matofali ya saruji yaliyobaki uani, tukapanga matatu matatu, tukayafunika kitenge na kukata kandambili za mzee mwenyewe. Akauweka tena wimbo ule ule. Hakusema kitu. Aliurudia mara mbili, kisha akamwambia yule dada, "Binti yangu, nenda safari yako." Mama mwenye nyumba ametoa wiki mbili matofali yatoke sebuleni mwake, na mzee amekwisha kupeleka vipimo Gakinjiro.