Anayeomba udaktari wa meno ajihoji mwenyewe kwanza

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, ushauri anaopewa mwanafunzi anayetaka kusomea udaktari wa meno huwa ni wa hesabu tu. Anaambiwa aangalie gredi zake za Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Apige hesabu ya alama za kundi la masomo. Alinganishe na alama za walioingia mwaka uliotangulia. Kisha ajaze nafasi zake kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, na kusubiri. Ushauri huo si wa uongo. Bila alama, tena za juu sana, hakuna mlango utakaofunguka. Ila alama zinaeleza kama utaingia, hazielezi kama utaiweza kazi yenyewe wala kama utaipenda. Na kwa kuwa mfumo wetu haumuulizi mwombaji hata swali moja kuhusu kazi hiyo, inambidi ajiulize mwenyewe, na ajiulize kabla ya kujaza fomu, si akiwa mwaka wa tatu mzazi ameshauza shamba.

Kwingineko maswali hayo huulizwa mapema. Marekani, mwombaji kwa kawaida huwa ameshasoma chuo miaka kadhaa, na mtihani wa DAT anaoufanya una sehemu nzima ya kupima jicho lake katika kutambua maumbo na pembe. Vyuo vingi humtarajia awe amekaa kliniki akimtazama daktari kazini. Uingereza kuna mtihani wa UCAT, halafu mahojiano. Kanada, kwa miaka mingi, mtahiniwa alipewa kipande cha sabuni na kisu akaambiwa achonge umbo kwa vipimo alivyowekewa, na kazi ya mkono wake ikasahihishwa. Hapa Kenya kijana wa miaka 18 anapangiwa nafasi na kompyuta iliyoona gredi zake peke yake. Anaweza kuripoti chuoni bila kuwahi kuingia kliniki ya meno ila siku aliyong'olewa gego.

Je, basi nasi tuweke mahojiano? Wapo wanaopendekeza hivyo kwa taaluma zote za afya, na sikubaliani nao. Mahojiano yangempendelea mtoto wa Kilimani, Nairobi, ambaye rafiki wa mamake ana kliniki karibu na Adams Arcade, anayeweza kwenda kutazama kazi wiki nzima ya likizo na kurudi na barua yenye mhuri. Mtoto wa Mandera au Turkana, ambako kumpata daktari wa meno kunaweza kuwa safari ya siku nzima, angefika mbele ya jopo akiwa ameshashindwa. Mtihani wa kitaifa una kasoro zake, lakini haujui jina la baba yako. Tuuache uamue nani aingie. Mzigo wa kujua anaingia wapi ndio unaobaki mabegani mwa mwombaji.

Basi na aanze kwa kuifahamu kazi yenyewe. Daktari wa meno hufanya kazi ndani ya nafasi finyu, yenye giza na mate, na ulimi usiotulia, huku mwenye kinywa akiwa macho na akiogopa. Magego ya juu hayaonekani moja kwa moja. Huyatazama kupitia kioo kidogo anachokishika kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika drili. Kinachoonekana kiooni kimegeuka: mkono ukienda huku, picha inakwenda kule. Kosa la nusu milimita linaweza kufikia neva. Hii ndiyo kazi, saa nane kwa siku, shingo imeinama, na wengi huishia kuugua mgongo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza kufundisha taaluma hii mwaka 1974, mwanafunzi hatoki na vitabu peke yake; huwatibu wagonjwa kitini chini ya macho ya wahadhiri, na maendeleo yake hupimwa kwa kazi aliyoikamilisha kwa mikono yake. Mwenye A ya Kemia asiyependa kazi ya mikono ataumia hapo, naye mgonjwa ataumia pamoja naye.

Najua jibu litakalotolewa: mikono hufundishika. Ni kweli, na wahadhiri wazuri wamewafundisha wengi walioanza wakitetemeka. Lakini sizungumzii kipaji cha kuzaliwa nacho. Nazungumzia uvumilivu wa kazi ndogondogo inayorudiwa, jambo ambalo mtu anaweza kujipima nyumbani bila kumlipa yeyote. Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, hata cha soko la Toi pale nyuma ya Adams Arcade, ukichonge kiwe na umbo la gego, mizizi na yote. Kisha weka kioo mbele yako, uandike jina lako ukiutazama mkono kiooni tu. Utashindwa, kila mtu hushindwa mwanzoni. Swali ni kama baada ya saa moja utakuwa unataka kujaribu tena au utakuwa umeshaitupa kalamu. Mtihani huu hauna cheti, lakini una ukweli ambao KUCCPS haiwezi kukupa.

Swali la pili la kujiuliza ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa heshima. Je, umeuchagua udaktari wa meno, au umeukimbilia baada ya kuukosa udaktari wa tiba? Wengi huweka tiba nafasi ya kwanza na meno ya pili, wakidhani ni ngazi mbili za jengo moja. Sivyo. Mwanafunzi anayeingia akiwa na kinyongo hutumia miaka akitafuta njia ya kuhama, na wakati huo kiti alichokalia amenyimwa mwingine aliyekitaka kwa moyo. Dharau hii ya kudhani meno ni utabibu mdogo haina msingi. Majeruhi wa bodaboda waliovunjika taya hutibiwa na wapasuaji waliopitia taaluma hii hii. Watoto wa Nakuru na Naivasha wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo kwenye maji ni wagonjwa wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza, na kwamba matatizo ya fizi yamewagusa karibu watu wazima wote. Kazi ipo, tena tele.

Ila ipo wapi? Kutoka Adams Arcade kuteremka Ngong Road hadi mjini hukosi mabango ya kliniki za meno, mengi yakiahidi waya za kunyoosha meno na kuyang'arisha. Mwombaji huiona picha hiyo akadhani ndiyo taaluma. Vuka upande wa Kibera, dakika chache kwa miguu, ukutane na taaluma nyingine: mtu anayeng'olewa jino lililoweza kuokolewa kwa kutibu mzizi, kwa sababu kung'oa ndiko anakokumudu. Kaunti nyingi zinawahitaji madaktari wa meno lakini zinawaajiri kwa kusuasua. Masomo huchukua miaka isiyopungua mitano, kisha mwaka wa uanagenzi kabla ya leseni kamili ya baraza la KMPDC, na uanagenzi nao una vita vyake. Mwaka 2024 chama cha KMPDU, kinachowatetea pia madaktari wa meno, kiligoma kuanzia Machi hadi Mei, jambo kuu likiwa serikali kutaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 walizodai kwa mkataba wa 2017. Anayeingia kwa ajili ya utajiri wa haraka na aisome habari hiyo mara mbili. Kliniki ya kibinafsi nayo inataka kiti, kompresa, mashine ya eksirei na mitambo ya kuua vijidudu kabla mgonjwa wa kwanza hajafungua kinywa.

Huenda msomaji akaona nawavunja vijana moyo. La. Anayejijibu maswali haya kwa ukweli na bado akataka kuingia ndiye tunayemhitaji, na aombe bila woga, Nairobi au Moi. Anayependa kinywa lakini alama zimepungua asijione amefeli: chuo cha KMTC hutoa stashahada ya maafisa wa afya ya kinywa katika jamii na ya mafundi wa meno bandia, na hao ndio wanaofika vijijini ambako daktari hafiki.

Limebaki la vyuo na hospitali. Kati ya siku matokeo yanapotangazwa na siku tovuti ya KUCCPS inapofungwa huwa kuna nafasi ya kutosha. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na hospitali za kaunti zenye kiti cha meno, kuanzia Mbagathi hadi Lodwar, zitenge siku moja katika kipindi hicho, ziwaruhusu waombaji wachache wachache, mgonjwa akiridhia, wasimame pembeni waone jino likizibwa tangu mwanzo hadi mwisho. Haihitaji sheria mpya wala bajeti ya Bunge. Inahitaji mtu wa kufungua mlango.