Wakaazi wa Tumbo na Amani ya Mwili



Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulionea haya, nalo ni maradhi ya tumbo yasiyokwisha. Si lile tumbo la kuharisha siku mbili likapona, bali ni lile linalomshika mtu miezi na miaka: leo linasokota, kesho limejaa gesi, kesho kutwa choo kimefunga au kimekuwa maji. Mwenye maradhi haya akiwa kijana huambiwa mvivu. Akiwa mwanamke huambiwa ana wasiwasi. Na yakizidi, nyumba nzima huanza kumtafuta mchawi miongoni mwa majirani. Udugu hukatika, fedha huishia kwa waganga, na mgonjwa hubaki na ugonjwa wake. Basi yatupasa tufahamu kabla ya kutuhumu.

Tufahamu kwanza ya kwamba tumbo la mwanadamu si mfuko mtupu. Ndani yake, hasa katika utumbo mkubwa, wanakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wataalamu waliovikadiria mwaka 2016 walisema kuwa mwili wa mtu mzima wa wastani una bakteria wapatao trilioni 38, na walio wengi makao yao ni utumboni. Tumezoea kusikia neno bakteria tukadhani ni maradhi tu. La, sivyo. Wengi wa hawa ni wakaazi wema, nasi tunawahitaji kama wao wanavyotuhitaji sisi.

Kazi yao ni ipi? Tunapokula kunde, mchicha, kisamvu au ugali wa dona, ziko nyuzinyuzi ambazo matumbo yetu hayawezi kuzisaga. Hizo hushuka mpaka utumbo mkubwa, na huko ndiko vijidudu vinakozichachusha na kutoa asidi zenye manufaa, mojawapo ikiitwa butireti. Asidi hii ni chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Tena huwasaidia askari wa mwili, yaani chembe za kinga, kujifunza upole, wapate kumtambua adui wa kweli na kumwacha mkaazi mwema. Sehemu kubwa ya askari hao wa mwili imepiga kambi kandokando ya utumbo. Kwa hiyo mafunzo wanayoyapata hapo ni jambo kubwa.

Sisi wa Kaole tunao mfano mbele ya macho yetu. Mikoko iliyoko pwani yetu haisemi wala haidai ujira, lakini ndiyo inayoshika udongo. Anayeikata kwa ajili ya kuni na boriti haoni hasara siku ile. Huiona baadaye, bahari inapoila ardhi. Vijidudu vya tumbo ndivyo vilivyo. Imeonekana katika panya wa maabara ya kuwa wakinyimwa nyuzinyuzi, baadhi ya vijidudu vyao hugeukia ute unaoufunika utumbo na kuanza kuula, mpaka ukawa mwembamba na adui akapata njia ya kupenya.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe, nayo ni ya namna mbili, wala haifai kuyachanganya. Namna ya kwanza ni tumbo lenye wepesi wa kuudhika. Daktari akiutazama utumbo haoni kidonda, ila mishipa ya fahamu ya tumbo imekuwa mikali kupita kiasi, na mwendo wa utumbo umeharibika. Takriban mtu mmoja katika kumi waliopatwa na ugonjwa wa kuharisha wenye vijidudu hubakiwa na hali hii hata baada ya adui kuondoka. Maumivu yake ni ya kweli. Si kujifanya, wala si uvivu.

Namna ya pili ni uvimbe wa matumbo wa kudumu, ambamo askari wa mwili huushambulia utumbo wenyewe hata ukaota vidonda. Humo mna ugonjwa ulioitwa kwa jina la daktari Crohn wa Marekani, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, na mwingine ni wa vidonda vya utumbo mkubwa. Kwa wagonjwa wa namna hii vijidudu hupungua aina zake, na hasa wale watoao butireti huwa wachache. Haikukatwa shauri kama huko kupungua ndiko chanzo cha maradhi au ni tokeo lake. Na urithi wa ukoo nao una sehemu yake.

Huenda msomaji akasema, “Hayo ni maradhi ya Wazungu.” Ni kweli kwamba zamani yalionekana kwa nadra huku kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko miaka mingi, alitambua kuwa maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa machache mno kwa watu wa Uganda, naye akaja kuhimiza sana ulaji wa nyuzinyuzi. Lakini uchache ule haukuandikwa katika damu zetu. Sehemu yake ulikuwa katika vyungu vyetu, na vyungu sasa vinabadilika.

Ushahidi umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2021 wataalamu wa Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza habari za watu 323 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Walikuta ya kuwa askari wa mwili wa watu wa mjini walikuwa na hamaki kuliko wa watu wa kijijini, na chakula kilikuwa na sehemu katika tofauti hiyo. Mwaka 2025 wakaleta habari nyingine, ya wanaume 77. Watu wa kijijini walilishwa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa na vyenye nguvu nyingi. Wa mjini wakalishwa mboga, kunde, matunda na nafaka nzima za asili. Kwa wale wa kwanza dalili za uvimbe katika damu zilipanda, na askari wao wakawa wazito kupambana na vijidudu vya maradhi. Kwa wa pili dalili hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado wiki nne baadaye. Wiki mbili tu, ndugu zangu! Hawakuwa wagonjwa wa tumbo, kwa hiyo hatusemi kwamba chakula hicho ni dawa ya vidonda vya utumbo. Twasema kimeugusa ule mzizi wa ghadhabu ya mwili.

Katika uchunguzi huo lilikuwapo pia kundi lililopewa mbege, nayo ikapunguza uvimbe. Mbege ni kileo, nasi hatuna haja nayo. Lakini kuchacha si kulevya. Tunayo togwa ya siku moja, tunao na mtindi. Watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walipopewa togwa kila siku, kwa habari zilizotangazwa mwaka 1999, vijidudu vya kuharisha vilipungua katika choo chao.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Kwanza, mama amnyonyeshe mtoto. Katika maziwa yake mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa kwa ajili ya vijidudu vyema vya tumbo lake. Subhanallah! Pili, tusione haya kwa kunde, choroko, matembele na mihogo, tukadhani kuwa soda na chipsi ndio ustaarabu. Tatu, tuache kununua dawa za antibayotiki dukani kila tumbo linapouma bila ya kupimwa, kwani dawa hizo haziwabagui wema na wabaya.

Aliye mgonjwa tayari aongozwe na daktari wake. Mwenye tumbo la kuudhika aongeze kunde kidogo kidogo, maana zikija kwa wingi humletea gesi. Na ambaye utumbo wake umekuwa mwembamba kwa uvimbe huenda akakatazwa vyakula vya nyuzi ngumu. Wala asiache dawa zake kwa ajili ya saumu kabla ya kushauriana na daktari, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake.

Na anayeona damu katika choo, au anakonda bila sababu, au ana homa zisizokwisha, au huamshwa usiku na tumbo, aende hospitali upesi. Huenda ni amiba, huenda ni kifua kikuu cha matumbo, huenda ni uvimbe tuliousema au jambo kubwa zaidi. Kila kimoja kina tiba yake, na kipimo ndicho kinachotenganisha. Enyi vijana, msifiche. Nanyi wazazi, kijana akisema tumbo lamuuma, mwaminini, mpelekeni akapimwe, wala msimtaje jirani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie siha njema. Amin.